Hatua za Mtoto wa Miaka Saba

Sokoni ninapouza ndagala, mbele ya meza yangu kuna mama mmoja anayeuza kandambili za plastiki. Kila anapokata kamba ya mzigo mpya, harufu hutangulia kutoka kabla ya viatu: harufu tamu na kali, kama ya ndoo mpya iliyosahaulika juani. Wateja wangu hushika pua kwa sababu ya samaki wangu. Mimi ndagala hawanisumbui, nimelala nao na kuamka nao miaka mingi. Kinachonifukuza ni kandambili. Yule mama alishaniuliza kwa nini akifungua mzigo mimi huondoka kwenda kutafuta maji, nikamjibu kwamba nina kiu. Nyinyi nitawaambia ukweli.

Baba yangu alikuwa mlinzi kwenye hifadhi ya mto Rusizi, kule mbele ya Kajaga ambako mto huingia ziwani katikati ya matete. Tulikaa Buyenzi, mtaa wa mafundi, ambako hata kuku huamka kwa sauti ya nyundo. Baba alipenda kuwaambia majirani kwamba ofisi yake ni kubwa kuliko ya waziri, na wafanyakazi wake wana meno marefu kuliko ya waziri. Wafanyakazi hao walikuwa viboko. Aliwajua mmoja mmoja kwa makovu yao, akawapa majina ya watu wa mtaani petu waliokuwa na madeni na majungu, kwa hiyo ilinibidi nizuie kicheko kila nilipokutana na yule mzee wa duka la chumvi ambaye jina lake lilikuwa linaoga kule mtoni na kujamba majini.

Siku ambazo wageni walikuwa wachache alinipakia kwenye baiskeli na kwenda nami. Nakumbuka joto la chuma chini ya mapaja yangu, na upepo wa ziwa wenye harufu ya matope na majani mabichi. Ndege mwari walikaa kwenye kisiwa cha mchanga kama mashehe waliomaliza swala. Minana walining'iniza viota vyao juu ya maji wakapiga kelele kutwa nzima. Kenge alikata njia mbele yetu bila haraka, akatutazama kama sisi ndio tuliochelewa. Na mikoche ilisimama kila mahali, ile miti ya familia ya mnazi ambayo shina lake hugawanyika juu, huu vichwa viwili, ule vitatu.

Kule ndiko baba alikonifundisha mchezo wa kopo. Alificha kopo la maziwa ya unga mahali fulani ndani ya hifadhi, akanipa maneno ya kulifikia, kisha akakaa kivulini na kuningoja. Ndani ya kopo palikuwa na gololi, kifungo, unyoya wa koikoi, kitu cho chote. Sharti lilikuwa moja tu: ukichukua, acha. Ukichukua gololi, weka shanga. Mchezo aliutoa utotoni, yeye na mdogo wake, walipokuwa wakificha ndoano zao kwenye matete ya Kajaga, na sharti alilitoa kwa mama yao, bibi yangu. Bibi alikuwa akisema, shimo uliloliacha tupu hukufuata mpaka nyumbani.

Maneno ya kulifikia kopo hayakutaja alama nyingi. Mti mmoja wa kuanzia, upande wa kuelekea, basi. Kilichobaki kilikuwa hatua, na hatua zenyewe zilikuwa zangu. Mimi nilitembea, yeye akaja nyuma anahesabu.

"Mti unaungua, mama," aliniambia. Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake, Mwajuma. "Kichuguu kinaliwa na mvua. Njia ya kiboko inahama. Alama zinakufa. Hatua hazifi."

Nilikuwa na miaka saba vita vilipoanza. Wiki moja mji ulikuwa mji, wiki iliyofuata moshi ulisimama juu ya vilima na watu walikuwa wanapita na magodoro kichwani bila kujua wanayapeleka wapi. Nyumba ziliungua, na pamoja na nyumba makaratasi. Watu wa mtaani walianza kuzika vitu: mmoja alizika cherehani, mwingine redio, tena akiiacha inaimba kwa haraka aliyokuwa nayo. Baba akachukua karatasi ya nyumba yetu, ile yenye muhuri inayosema kiwanja ni cha nani, akaiviringisha kwenye nailoni, akaifunga kwa nta ya mshumaa, akaitia ndani ya kisanduku cha bati kilichowahi kubeba dawa za jeraha kazini kwake.

"Nyumba inaungua, ofisi inaungua," akasema. "Kiboko haungui."

Tulikwenda asubuhi. Tulisimama chini ya mkoche wa vichwa vinne, ulikuwa mmoja tu katika hifadhi nzima. Akanigeuza mabega mpaka uso wangu ukatazama milima ya Congo, mahali ambapo kilele kimoja kimemeguka kama jino. "Tembea kama unavyotembea siku zote," akasema. Nilitembea hatua mia moja na arobaini. Akanigeuza kulia, ziwa likawa mgongoni, nikatembea tisini na tano. Hapo akachimba, akazika, akalaza jiwe bapa, akarudisha majani. Kwenye sanduku alikuwa ameniruhusu niongeze gololi yangu ya bluu, kwa sababu mchezo ni mchezo. Njiani kurudi alinifanya niimbe namba zile mpaka Buyenzi, na tulipofika akanikataza kuziimba tena. "Ni zako. Usimpe mtu."

Baada ya hapo hifadhi ikafungwa. Matete ambayo baba aliyajua yakawa ya watu wenye bunduki, leo hawa, kesho wale. Baba aliambiwa akae nyumbani, akakaa, akawa anauza mkaa. Alizeeka kwa kutowaona viboko wake.

Miaka sita ikapita hivyo. Asubuhi moja baba na mama walipanda gari kwenda kuzika ndugu wa mama, gari likashambuliwa barabarani. Walirudi jioni ileile juu ya kamiyo, lori la mchanga, wamefunikwa matete, na jambo nililoliona kwanza ni kwamba mtu alikuwa ameshavua viatu vya baba. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mdogo wangu Idi alikuwa na kumi, Asha na saba.

Mdogo wake baba, Rajabu, ndiye aliyesimamia maziko. Baba mdogo alikuwa fundi wa baiskeli, mtu mwembamba wa mzaha mwingi, mikono yake daima myeusi kwa grisi. Alituletea sukari. Alimfundisha Asha kuhesabu kwa nati za baiskeli, akizipanga mkekani kumi kumi. Alinyoa nywele za Idi. Mimi aliniita mukubwa wa nyumba, na alipoliita jina hilo nilinyoosha mgongo. Nawaomba mlikumbuke hili kwa sababu lilikuwa kweli. Sukari ilikuwa sukari.

Siku zile, nyumba ya waliokufa ilikuwa kama embe lililoanguka barabarani. Haukupita mwezi, mkubwa wa mtaa akaja, akasimama mlangoni bila kuingia, akaangalia paa badala ya kutuangalia sisi.

"Pole, watoto. Lakini mi nasema mapema. Kuna watu wanauliza hii nyumba. Mwenye karatasi njo mwenye nyumba. Karatasi iko wapi?"

"Iko," nilisema.

"Iko wapi?"

"Iko, mzee."

Nilijua iko wapi. Nilizijua namba kuliko nilivyoijua Fatiha. Nikaacha kwenda shule siku hiyo, nikiamini ni kwa siku moja, nikafuatana na wanawake wa Kajaga waliokuwa wakikata matete ya kuezekea. Wanajeshi wa bariyeri, kizuizi cha barabarani, waliwaruhusu kuingia hifadhini mpaka saa sita mchana, kwa sharti la kuwaachia mzigo mmoja kati ya mitano. Mwanajeshi mmoja alinitazama na panga langu la jikoni akacheka.

"We nawe unakata matete au unakata kitunguu?"

"Vyote, afande."

Mkoche wa vichwa vinne ulikuwepo, kichwa kimoja kimekatwa na risasi au radi, sikujua. Nilitazama kilele kilichomeguka. Nikatembea mia moja na arobaini, nikageuka kulia, tisini na tano. Nikachimba. Palikuwa na mizizi na maji meusi. Nikachimba pembeni, na pembeni ya hapo, mpaka mahali pale pakafanana na shamba la nguruwe. Kisha matete yakapasuka mbele yangu na kiboko akatoka, anatoka malishoni kwenda majini, na mimi niko kati yake na maji, mahali pekee ambapo baba alinikataza kusimama. Nilijitupa kando kwenye miiba. Alipita karibu kiasi cha kunirushia matope usoni. Nilisikia wenzake mtoni wakicheka ile sauti yao nzito, sauti ya wanaume walioshiba.

Nilikwenda mara mbili zaidi. Mara mbili nilirudi na miiba tu. Mara ya tatu nilipotoka kule nikapita moja kwa moja kwenye karakana ya baba mdogo, nikakaa juu ya tairi bovu, nikalia, nikamwambia yote. Mti, kilele, mia na arobaini, kulia, tisini na tano. Baba aliniambia nisimpe mtu. Lakini baba mdogo hakuwa mtu, alikuwa baba mdogo.

Alikuwa anasawazisha gurudumu, analizungusha na kusikiliza. Hakuacha kulizungusha.

"Ulikuwa na miaka mingapi ile siku?"

"Saba."

Akaangalia miguu yangu. Niliikunja kwa aibu, ilikuwa na matope, na tangu sandali zangu zikatike sikuwa na viatu. Akanimiminia chai.

"Achana nayo, mukubwa wa nyumba. Karatasi ilishaoza. Kule kuna viboko, kuna masoda na bunduki zao, mi sitaki kuzika mutoto wa kaka yangu. Nitaongea na mukubwa wa mutaa. Nyumba haitaenda."

Nililala vizuri usiku ule, mara ya kwanza tangu maziko. Ijumaa moja baadaye alikuja kumchukua Asha, amtembeze Kajaga akale samaki wa kukaanga. Alisema mtoto huyu hacheki, na ilikuwa kweli. Asha alirudi jioni ana mafuta mdomoni na matope mpaka magotini, na alicheka. Nilimshukuru baba mdogo mbele ya majirani. Nilipomwosha Asha miguu nilimuuliza aliona nini.

"Viboko," alisema. "Na ndege wenye mufuko shingoni."

Akanitazama, akafunika mdomo kwa mikono miwili, akacheka tena peke yake. Nikadhani ni samaki.

Mvua zikaja, zikaisha. Mkubwa wa mtaa hakurudi, nami nikaona baba mdogo ametimiza neno. Lakini nilikuwa mtoto wa baba yangu na sikuweza kuliacha sanduku lile. Nililitembea kichwani. Nilihesabu kutoka kitandani mpaka bombani, nikahesabu kutoka msikitini mpaka duka la chumvi. Shule zilipokaribia kufunguliwa, nikatoa kwenye sanduku la nguo gauni langu la kaki la darasa la kwanza, lile mama alilolihifadhi kwa ajili ya Asha, nikamvika. Nilikuwa nimeshika pini mdomoni, tayari kukunja upindo. Hapakuwa na cha kukunja. Mabega yalikaa pale mabega yangu yalipokaa. Upindo ulifika pale ulipokuwa ukifika kwangu, juu kidogo ya kovu la goti, ila goti lilikuwa lake na halikuwa na kovu.

Nikatema pini. Niliona kosa lote kwa mara moja. Hatua hazikuwa zimekufa, zilikuwa zimekua. Mimi nilikuwa nimepita juu ya sanduku lile kwa miguu mirefu ya miaka kumi na mitatu na kwenda kuchimba mbele kabisa. Na hatua alizozipima baba, zile zenyewe, zilikuwa zimesimama mbele yangu zinajikuna.

"Asha, kesho nakupeleka kwa viboko."

Alirukaruka. Alirukaruka sana, kuliko nilivyotegemea.

Tulimwacha Idi akilinda nyumba. Tulitembea kwa miguu kutoka alfajiri, miguu mitupu wote wawili, barabara ikiwa bado baridi. Asha hakulalamika hata mara moja. Kwenye bariyeri nilisema tunakwenda kukata matete, na yule mwanajeshi wa kitunguu akatuachia. Umande ulikuwa juu ya majani na yangeyange waliruka mbele yetu kama karatasi zilizopeperushwa. Nilisikia viboko mbali, nikampeleka Asha njia ya juu, mbali na maji. Tukafika kwenye mkoche.

Nikamshika mabega kama baba alivyonishika. Niligeuza uso wake kwenye kilele kilichomeguka.

"Tembea kama unavyotembea siku zote. Hesabu kwa nguvu. Usisimame mpaka nikwambie."

Idadi sikumwambia. Nilitaka atembee bila kufikiri mwisho.

Alitembea. Kisogo chake kilikuwa mbele yangu, nywele nilizomsuka mwenyewe jana yake, mistari minne. Sauti yake ilikuwa wazi kabisa pale kwenye matete, thelathini, thelathini na moja, na niliona jinsi miguu yake inavyotua, kisigino kwanza, kidole gumba kikitazama ndani, na nilijua ndivyo nilivyotembea mimi na kwamba kuna mtu aliyekuja nyuma yangu akitazama hivihivi. Mia moja. Mia na kumi. Nilikuwa nasema moyoni, baba tunakuja. Mia na thelathini na nane. Mia na thelathini na tisa. Mia na arobaini.

Nilifungua mdomo kusema simama. Asha alishasimama. Akageuka kulia, mgongo kwenye ziwa, akaanza upya.

"Moja. Mbili. Tatu."

"Asha."

"Ine."

"Asha! Nani alikwambia ugeuke?"

Akasimama, mguu mmoja hewani. Niliona anatafuta uongo, na hakuwa bado na umri wa kuupata haraka.

"Nani?"

"Ni siri," alisema. "Baba mudogo alisema nikisema kiboko atanifuata."

Nilimpiga. Nawaambia nyinyi jambo ambalo sijamwambia Idi mpaka leo: nilimpiga mdogo wangu katikati ya matete, kofi, na jingine, na alipoanguka nikamwinua kwa mkono nimpige tena. Damu ilitoka puani ikapita juu ya mdomo. Hakulia kwa sauti, aliogopa kiboko. Alishika pua kwa mikono miwili akanitazama, na katika macho yake sikuona kwamba ameelewa kosa. Alikuwa anangoja niseme nimemaliza.

"Endelea," nilisema. "Hesabu."

Aliendelea kuhesabu na damu mdomoni. Tano. Sita. Nilimfuata, ingawa nilikuwa nimeshajua. Kulikuwa na kipande cha akili yangu kilichosema labda baba mdogo hakuchimba vizuri, labda aliogopa. Tisini na tano.

Jiwe bapa lilikuwepo. Halikuwa na majani juu yake. Udongo ulichimbuka kwa urahisi kama unga. Kisanduku cha bati kilitoka, kimefungwa kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, fundo dogo la kifundi, na fundo lile nililijua, lilifunga mizigo yote ya mtaani petu.

Ndani palikuwa na gololi ya bluu. Karatasi haikuwepo. Pale ilipokuwa palikuwa na mfuko wa plastiki, na nilipoufungua harufu ile ilinipanda puani, tamu, kali, mpya. Kandambili jozi tatu. Nyekundu ndogo, kijani ya kati, na za bluu.

"Zawadi!" alisema Asha.

Alikuwa amesahau pua. Alizikamata zile nyekundu kabla sijamzuia.

"Alizinunua sokoni. Alisema tusizivae siku ile. Ukichukua acha, alisema, yeye kachukua karatasi kaacha viatu. Alisema tutavikuta, mi na we." Akatia mguu kwenye kandambili, akaukanyaga chini mara mbili. "Alisema utanileta."

Nikakaa chini. Kule mtoni viboko walikuwa wanacheka, na sikujua ni nani kati yao aliyekuwa na jina la nani.

Nawaza mara nyingi kama nilipaswa kuviacha vile viatu. Kulirudisha sanduku na mfuko wake, kumvua Asha, kurudi kama tulivyokuja. Msichana wa hadithi angefanya hivyo. Mimi nilichukua vyote, na gololi nikaichukua, na sikuacha kitu. Nililiacha shimo tupu makusudi. Nilitaka limfuate baba mdogo nyumbani.

Nilivibeba vya bluu mkononi. Asha alitembea mbele yangu akisikiliza mlio wa kandambili zake, pa, pa, pa, uso una damu iliyokauka. Jua lilipanda. Tulipofika kwenye lami, lami ilikuwa kama kikaango. Nilivumilia. Nilihesabu hatua zangu, zangu za sasa. Nilifika mia mbili na kidogo, nikavitupa chini viatu, nikavaa.

Mwanajeshi wa bariyeri aliangalia mikono yetu iliyokuwa haina matete, akaangalia miguu.

"Yoo! Siku hizi mule ndani kuna duka?"

Wenzake walicheka. Nami nikacheka, kwa sababu tulitaka kupita.

Baba mdogo alikuwa kwetu tulipofika. Amekaa barazani kwenye kiti cha baba, Idi pembeni yake anakula mkate. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, maneno ya mtu mzima, kuhusu kaka yake na Mungu. Yeye hakutazama nyuso zetu. Alitazama chini, akatazama Asha, kisha mimi.

"Vinawatosha?" aliuliza.

Na mimi, mukubwa wa nyumba, mwenye maneno yote yale, nilisema, "Vinatosha."

Alitikisa kichwa polepole kama anayesikiliza gurudumu.

"Mi nina deni za watu, Mwajuma. Nina bibi na watoto tano. Na nyumba ilikuwa itaenda tu. Ingebebwa na mutu wa inje. Heri mimi." Kisha akasema, "We uko na akili. Nilijua utafika. Nilidhani utakawia kidogo."

Mnunuzi alikuja baada ya siku nne. Tulihamia Musaga, chumba kimoja kwa mwanamke aliyenifundisha kuuza ndagala, na siku moja niliyoiacha shule imefika hapa nilipo. Idi alisoma. Asha alisoma, kwa gauni langu la kaki. Baba mdogo hakupatwa na lo lote. Watoto wake wote walikua. Alikufa mzee, kitandani, na nilipeleka mchele kwenye matanga. Shimo halikumfuata. Labda halikuijua njia, kwa kuwa nyumba alishaiuza.

Asha sasa ni mwalimu wa darasa la kwanza, huko Gasenyi. Hufundisha kuhesabu. Hatujawahi kulizungumza jambo lile, ila mwaka juzi tulikuwa tunachambua maharagwe akaniuliza ghafla, bila kuinua macho, "Dada, mimi njo niliiuza nyumba?" Nilimwambia apana. Nikamwambia mara tatu. Alichambua maharagwe yote mpaka yakaisha, kisha akaanza kuchambua yale ambayo tulikuwa tumeshachambua.

Kuna mambo mawili ambayo mtoto niliyekuwa mimi kwenye matete hakuyajua. La kwanza linamhusu baba. Kwa muda mrefu nilimkasirikia kwa ujinga wa kupima kitu cha thamani kwa miguu ya mtoto, mtu aliyejua hata meno ya kiboko hayaachi kukua. Nilielewa nilipokuwa na wanangu. Baba hakusahau kwamba watoto hukua. Aliamini tutarudi kulichimba kabla sijakua. Aliviwekea vita miezi, labda mwaka. Hatua zile ndizo zilikuwa kipimo cha matumaini yake, na yalikuwa mafupi, hatua ya mtoto wa miaka saba.

La pili linahusu zile za bluu. Siku ile niliposema vinatosha, nilidanganya. Nyekundu za Asha zilimkaa sawasawa. Zangu zilizidi vidole viwili, zilinivuka mbele, nilizivuta njia nzima kutoka hifadhini, na nikaichukulia kuwa ni dharau, kwamba hata wizi wenyewe ameufanya ovyo. Nilizivaa miaka mitatu. Mwaka wa mwisho ndipo zilinitosha hasa, na vita vilikuwa bado vipo. Alikuwa amesimama pale sokoni, njiani kwenda kuchukua karatasi yetu, akachagua kwa makini kama mzazi, akaninunulia kubwa ili zidumu.

Mimi pia, ninapowanunulia wanangu viatu, huacha nafasi ya vidole viwili. Hulipa haraka, hushika pumzi, na kuondoka.